Mkanda wa keya: jinsi ya kuutambua mkanda wa vita ulioachiwa na mzee wako

Mkanda wa babu ulikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi, hapa Iringa, umeviringishwa ndani ya kipande cha kaniki. Kila mjukuu aliyeuliza alipewa jibu lile lile: huo ni mkanda wa Mjerumani, babu yenu alimvua baada ya kumshinda vitani. Mwaka juzi shangazi akanikabidhi. Akasema, "Wewe ndiye unayejua nguo, kaa nao."

Mimi ni fundi cherehani. Nilipoukunjua mezani, chini ya taa ya kushonea, jicho langu halikwenda kwenye bizimu kama la watu wengine linavyokwenda. Lilikwenda kwenye mshono. Ule mkanda haukufumwa kipande kimoja. Ni vipande vyembamba vya utepe wa pamba vimepangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa pamoja, mistari mirefu ya uzi ikikimbia kutoka ncha hadi ncha. Nikajiuliza: nani anashona mkanda wa askari hivi, na kwa nini? Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata jibu, na njiani nilikosea mambo ambayo nisingependa mwingine ayakosee. Ndiyo sababu naandika kuhusu mikanda ya Keya, ndivyo wazee walivyoita King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki.

Kwanza kabisa, usiusafishe. Naomba sana. Najua shaba yenye kutu ya kijani inavyoufanya mkono uwashe, na najua kitambaa chenye vumbi la miaka themanini kinavyoonekana kwa mtu anayependa usafi. Sisi tulichelewa. Kabla mkanda haujafika kwangu, ndugu mmoja alikuwa ameupeleka kwa fundi wa mjini ang'arishe bizimu, na fundi yule, kwa nia njema kabisa, alilipiga msasa mbele na nyuma. Nyuma palikuwa na herufi ndogo zilizogongwa kwenye shaba. Leo ukipitisha ukucha unahisi mabaki ya herufi mbili, hazisomeki. Hakuna wa kuturudishia.

Kwenye kitambaa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mihuri ya ndani ilipigwa kwa wino. Sabuni inaufifisha. Isitoshe, ule unga ulioganda juu ya mkanda huenda si uchafu. Askari wa jeshi la Waingereza walipaka mikanda yao blanko, rangi iliyotoka dukani ikiwa kidonge kigumu, wakailainisha kwa maji na brashi. Kwa hiyo tabaka lile la rangi ya majani makavu linaweza kuwa limepakwa na mkono wa babu yako mwenyewe. Brashi laini, kavu, kama ya kufutia vumbi la chaki kwenye suti, inatosha. Upande wa ndani piga kidogo kidogo, na ukiona weusi wowote unaofanana na herufi, simama hapo.

Sasa chukua futi ya kupimia. Pima upana kabla ya kitu kingine chochote, maana upana unafuta nusu ya maswali. Mkanda wa utepe mzito wa pamba wenye upana wa inchi 2 na robo, wenye vifungo vya shaba, karibu utakuwa wa mtindo wa 1937, ambao ndio Waingereza na majeshi ya makoloni yao walioutumia katika Vita Kuu ya Pili. Wenye upana wa inchi 3 ni wa mtindo wa 1908, vita vya kwanza. Ule wa 1937 una alama nyingine rahisi: hauna matundu. Mbele kuna vipande viwili vya shaba, kimoja kina ulimi na kingine pete. Ulimi unaingia kwenye pete na mkanda ukikazika vinashikana. Kwa nyuma, mgongoni, kuna vibizimu viwili vidogo vilivyokaa mshazari, vya kushikia mikanda ya mabegani. Na kila ncha ya mkanda inarudi ndani na kukamatwa kwa ndoano, ndivyo ulivyopunguzwa au kuongezwa kiuno.

Jaribu na sumaku pia. Shaba haishikwi. Ikishikwa, una chuma kilichopakwa rangi au kutiwa maji ya shaba. Hilo halina maana kwamba ni bandia, kwa sababu vita vilipokolea shaba ilihitajika kwa risasi na makombora, lakini liandike kwenye daftari.

Kusoma mhuri ndiko kulikonipa taabu na furaha kuliko yote. Usiangalie mkanda juani saa sita mchana, hutaona kitu. Subiri jioni, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu na kitambaa, mwanga upite ubavuni kama jua la magharibi juu ya shamba lililolimwa. Hapo hata wino uliofifia unajitokeza, na herufi zilizogongwa zinatoa kivuli. Piga picha nyingi, ukihamisha tochi upande mwingine kila mara. Kisha kwenye simu igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe na uongeze ukali wa rangi. Mimi nilitoa picha arobaini na kitu usiku mmoja, na ni moja tu iliyozungumza.

Ilichozungumza ni hiki: mshale, na chini yake mwaka, 1943. Mshale huu si mshale wa upinde. Ni mistari mitatu mifupi inayokutana juu, mfano wa unyayo wa kuku kwenye udongo laini, na ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza tangu zamani. Ukiuona peke yake, fikiria Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C, mkanda ulitengenezwa Kanada. Ukiwa katikati ya D mbili, Australia. Ukiwa ndani ya herufi U, Afrika Kusini. Ukiambatana na herufi I, India. Pembeni pa mshale kwa kawaida kuna kifupi cha jina la kiwanda, M.E.Co., kwa mfano, ni Mills Equipment Company ya Uingereza. Huenda pia kukawa na neno la saizi kama NORMAL au LARGE.

Kwangu chini ya mshale palikuwa na mstari mmoja uliosimama. Nilidhani ni doa, kumbe ni ile I. Ndipo mshono ukapata maelezo: viwanda vya India wakati wa vita mara nyingi vilishona mikanda kwa kuunganisha tepe nyembamba badala ya kufuma utepe mmoja mpana. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na fundi mwenzake. Kuna mahali mtu alikaa kwenye mashine, akapeleka mstari ule wa uzi ukanyooka hadi mwisho, na pale karibu na ncha uzi ulimkatikia, akarudi nyuma pointi nne za mshono na kuendelea. Nimeziona hizo pointi nne. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Lakini mwaka uliopigwa muhuri ni mwaka wa kutengenezwa, basi. Mkanda wa 1943 unaweza kuvaliwa 1944, na unaweza kuvaliwa 1960. Mikanda hii iliendelea kutumika muda mrefu baada ya vita, hata batalioni za Keya za Tanganyika zilipogeuka kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961. Kwa hiyo kama kwenu kuna babu aliyekwenda vitani Burma, Myanmar ya leo, na baba mdogo aliyeingia jeshini karibu na Uhuru, usiharakishe kumpa mkubwa kila kitu. Vilevile mkanda wa India haumaanishi mwenyewe alifika India. Vifaa vilisafirishwa kwa meli kwenda kokote vilikohitajika. Mkanda unaweza kukuambia ulikozaliwa. Aliyeuvaa unamtafuta kwingine.

Niseme na wale walio na bizimu la Kijerumani, kwa kuwa ndilo familia nyingi zinalodai kuwa nalo, yangu ikiwemo. Yale ya askari wa kawaida huwa bamba la mstatili lenye duara katikati na maandishi GOTT MIT UNS, yaani Mungu yu pamoja nasi. Angalia ndani ya duara. Ukiona taji, ni la jeshi la Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya zamani, kabla ya Kaizari kuanguka 1918. Ukiona tai mwenye alama ya swastika, ni la jeshi la Hitla. Bavaria, dola nyingine ya Ujerumani, walikuwa na maneno yao, IN TREUE FEST, yaani imara katika uaminifu. Tofauti ya taji na tai ni muhimu sana kwetu, kwa sababu vita vya Wajerumani katika nchi hii viliisha Novemba 1918, kamanda wao von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri kule Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Jeshi la Hitla halikupigana Tanganyika. Basi bizimu la tai likikutwa kijijini Njombe au Tabora, lilisafiri: pengine lilikuja na askari wa kikosi cha kazi, maana wapayonia wa Afrika Mashariki walipelekwa Mashariki ya Kati kuanzia 1941. Au lilinunuliwa mnadani miaka kumi iliyopita, kwa kuwa ya bandia ni mengi mno. Mengi ya kweli ya jeshi la Hitla yalikuja na kipande cha ngozi nyuma kilichopigwa jina la mtengenezaji na mwaka, na kipande hicho huchakaa pamoja na bizimu. Ngozi mpya kwenye bizimu lililokwisha kulika inanitia shaka.

Na tafadhali, kabla hujaita ndugu wote, hakikisha si mkanda wa skauti. Ua la yungiyungi katikati ya bizimu ni skauti, si vita.

Turudi kwa babu. Kwenye mkanda wake, upande wa ndani karibu na ndoano ya kushoto, kulikuwa na tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, tano, wino umesambaa. Hizo ndizo zenye thamani kuliko bizimu. Askari waliandika namba zao kwenye vifaa ili visiibiwe, na namba ya jeshi haibadiliki kama majina yanavyobadilika. Ukiipata, nenda kwenye masanduku, Biblia za zamani, msahafu, mkoba wa bibi, chini ya godoro, popote karatasi zinapojificha. Unatafuta cheti cha kuachishwa jeshi. Tulikipata kwa shangazi yuleyule, kwenye kopo la chai, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Tarakimu zilikuwa zile zile. Nilimsomea shangazi moja moja, yeye akizifuata kwenye mkanda kwa kidole, na alipofika ya mwisho alikaa kimya.

Cheti kilisema aliandikishwa 1942, umri wa kukadiria miaka ishirini. Kwa hesabu hiyo, vita vya Wajerumani viliisha kabla hajazaliwa. Nilijua itabidi nimwambie shangazi, na nilichagua maneno kwa siku mbili. Nilimweleza kwamba mkanda si wa Mjerumani, babu hakumvua mtu, ni wake mwenyewe, alipewa na jeshi akauvaa mpaka nyumbani. Akafikiri. Kisha akasema, "Basi ndiyo vile vita vya dawa ya njano."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mihuri yote. Usiwaulize wazee jina la vita. Jina la vita limesimuliwa na wengi na linahama kutoka mtu hadi mtu. Uliza mambo madogo: walikula nini, waliugua nini, mvua ilikuwaje, walivaa kofia gani, walivuka mto gani, bega lilikuwa na picha gani. Shangazi alikumbuka babu akisema kulikuwa na dawa ya malaria waliyolazimishwa kumeza kila siku, wakawa wa njano hadi macho. Hiyo ni mepakrini, na kweli iliwageuza watu rangi ya ngozi. Akakumbuka pia kwamba babu alichora kichwa cha kifaru kwa mkaa kwenye mlango wa ghala, na watoto walidhani anapenda wanyama. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ilikusanywa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya sasa, na katikati ya 1944 ikaingia Burma kupitia Imphal, mji wa India karibu na mpaka. Ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, bonde lililoogopwa kwa malaria kuliko risasi, ikafika Kalemyo mwezi Novemba, na Desemba ikauvuka mto Chindwin. Mafundi wa jeshi walijenga daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, pale Kalewa lenye urefu wa futi 1,154. Babu alikuwa akisema amevuka "mto mpana kuliko Ruaha tatu". Sisi tulicheka. Nisingecheka leo.

Kwenye cheti tafuta pia namba ya batalioni na herufi zilizo kwenye mabano: TT ni Tanganyika Territory, K ni Kenya, U ni Uganda, N ni Nyasaland, Malawi ya sasa. Kabla ya vita, batalioni ya 6 ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika, ya 3 na ya 5 za Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 1 na ya 2 za Nyasaland. Vita vilipopamba zikazaa nyingine, kama 26 na 36 za Tanganyika ambazo zote mbili zilikuwa Burma. Ukiwa na batalioni na mwaka, unaweza kumfuata mzee wako mwezi kwa mwezi hata kama jina lake halitajwi popote.

Unamfuata kwa shajara za vita. Kila batalioni iliandika kila siku ilipo na ilichofanya, na shajara hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, London. Kutafuta kwenye orodha yao mtandaoni ni bure; nakala ndiyo ya kulipia. Za Burma ziko kwenye fungu linaloitwa WO 172. Za mapema zaidi, pamoja na zile za kampeni dhidi ya Waitaliano, tazama WO 169. Karatasi za makao makuu ya jeshi la Afrika Mashariki ziko WO 276. Andika "King's African Rifles" kama wao wanavyoandika, pamoja na namba ya batalioni. Ukiandika Keya hutapata kitu. Jiandae moyo: shajara hutaja maofisa kwa majina, na askari wetu kwa idadi. "Askari wawili waliuawa, watano walijeruhiwa." Niliposoma mistari ya namna hiyo ilibidi niifunge simu nikashone kwanza.

Huku nyumbani, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na zile za Nairobi zina majalada ya wilaya, ambamo wakuu wa wilaya waliandika habari za kuandikisha askari na za waliorudi. Ukipata mahali pa kusoma matoleo ya zamani ya Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza 1923, yasome ya miaka ile polepole.

Kama mzee wako hakurudi, nenda kwenye kumbukumbu za Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Utafutaji wa mtandaoni ni bure. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, Myanmar. Tafuta kwa subira. Majina yaliandikwa na karani kama sikio lake lilivyosikia: L inakuwa R, Mw inakuwa Mu au inapotea, Lukasi anakuwa Rukas, na jina la baba linatanguliwa na "s/o" au "bin", yaani mwana wa. Mimi huanza na batalioni na mwezi, ndipo nisome majina yote, badala ya kuanza na jina. Na kama ni mzee wa vita vya kwanza, hasa mpagazi, kukosekana kwa jina hakuthibitishi kwamba hakuwepo. Mwaka 2021 Kamisheni yenyewe ilikiri kwamba watu zaidi ya 100,000 wa vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, huenda hawakuandikwa kwa majina yao kabisa.

Wapo wanunuzi wa vitu vya kale wanaopita. Mmoja aliniwekea noti mezani, akataka bizimu tu, kitambaa nibaki nacho. Usitenganishe. Bizimu peke yake ni shaba. Likiwa kwenye mkanda wenye namba, karibu na cheti, ni mtu.

Kuhifadhi si gharama. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, unatokwa jasho na shaba inaota kijani. Mimi niliosha kipande cha marekani mara tatu bila sabuni ya rangi, nikakausha, nikauviringisha mkanda kwa ulegevu, na kati ya shaba na pamba nikaweka tabaka la ziada la kitambaa. Naufungua kila baada ya masika kuangalia mende na ukungu.

Kabla ya kuuviringisha nilifanya kitu cha kifundi. Pale ndoano zilipokamata kwa muda mrefu zimeacha alama, mikwaruzo ya kutu na mkunjo usiokubali kunyooka. Nilirudisha ncha kwenye alama hizo, nikafunga bizimu, nikapima kwa ndani. Inchi 27 na nusu. Ndicho kiuno alichorudi nacho. Nilimwambia shangazi namba hiyo, naye akaenda jikoni, akarudi na kumbukumbu ambayo hakuwahi kuitoa: kwamba bibi alisimulia jinsi babu alivyofika jioni akiwa mwembamba kiasi kwamba mbwa wa nyumbani alimbwekea, na kwamba mkanda ndio aliouvua wa kwanza, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, pamoja na namba yake, batalioni, mshale wenye I na mwaka 1943, nikaikunja mara moja tu na kuiweka ndani ya marekani.